Buenos Aires bila nyama, inawezekana

Watu wa Tanga mnaojua sili nyama mlinicheka mliposikia naenda Buenos Aires, Argentina, mji ambao kila kona ni ng'ombe kwenye makaa. Sasa sikieni, palepale kwa wachoma nyama wanachoma na kipande kinene cha jibini, inaitwa provoleta, wamenyunyizia oregano, unachovya mkate, balaa! Alafu kuna empanada za humita, kama sambusa ila ndani mahindi, uliza kwanza lakini maana nyingi zina nyama. Na fainá, chapati ya unga wa dengu wanaiweka juu ya pizza, mi nikaila na pilipili niliyobeba toka Ngamiani, hapo hapo Tanga, wallahi. Mbaazi za nazi tu ndo nilizikosa, mama wa barabara ya 12 kesho asubuhi niwekee.