Pamba Ilipogusa Moto

Assalaam aleykum ndugu zangu katika imani. Aya yetu wiki hii ni ya 69 katika Suratul Anbiyaa, pale moto unapoamrishwa uwe baridi na salama kwa Nabii Ibrahim. Tumeizoea tangu madrasa, hata hatuulizi swali lililomo ndani yake: kabla ya amri hiyo, moto ulikuwa ukiunguza kwa uwezo wa nani?

Imamu Ghazali alilishika swali hili mwaka 1095 katika Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, mas'ala ya 17. Mfano wake ni pamba na moto. Macho yako, anasema, yameona mambo mawili tu: pamba imegusa moto, pamba imeungua. Kamba inayodaiwa kulifunga la kwanza na la pili hayakuiona. Kuungua kumetokea wakati wa kugusana; kwamba kumetokea kwa kugusana, hilo umeliongeza wewe. Kiarabu hutenganisha mawili haya kwa vijineno, indahu (wakati wake) na bihi (kwa sababu yake). Kiswahili chetu huyatenganisha ndani ya kitenzi. "Pamba iliungua ilipogusa moto" ni ushahidi. "Moto uliiunguza pamba" ni hukumu tayari: moto umeshafanywa mtenda. Sokoni sema upendavyo. Kwenye akida, jua ni wapi umeiacha -po- ukaingia kwenye -za.

(Mwanafalsafa David Hume wa Uskoti alifika karibu na hapo mwaka 1739, ila yeye aliishia kwenye mazoea ya akili ya binadamu. Ghazali anakwenda mbele, kwenye ada, yaani desturi, ya Mwenyezi Mungu.)

Je, kila kitu basi kinaweza kutokea wakati wowote? Ghazali mwenyewe aliiweka hoja hiyo mezani, tena kwa mzaha: nimeacha kitabu nyumbani, labda sasa ni farasi aliyechafua maktaba, nimeacha mtungi wa maji, labda umekuwa mtofaa. Jibu lake ni kwamba Mwenyezi Mungu ameipitisha ada yake bila kukatika na ametuumbia yakini kwamba mambo hayo, ingawa yanawezekana, hayakutokea. Kisha anatoa njia ya pili, ambayo naona haisomwi vya kutosha: moto uwe na tabia yake, lakini tabia hiyo ina masharti. Aliyejipaka talki, unga wa jiwe laini, huketi ndani ya tanuri asidhurike, na asiyewahi kuliona jambo hilo atalikanusha. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu baadaye kwamba anayefuta sababu anafuta na akili. Hoja nzito, na inawapata hasa wanaomsoma Ghazali nusunusu.

Maana kosa letu la kila siku si kuamini sababu. Ni kuzibandika ovyo. Mwaka 632 jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (s.a.w.). Watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume, naye ndiye mfiwa, akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Mambo mawili yamekutana siku moja, basi.

Tazama sasa mgonjwa wa malaria mwenye kilo 35 au zaidi anayetumia dawa mseto ya artemeta na lumefantrini. Dozi yake ni vidonge 24: vinne mara moja, vinne masaa 8 baadaye, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa lumefantrini hainyonywi vizuri bila mafuta. Artemeta hupunguza vimelea haraka, kwa hiyo siku ya pili homa mara nyingi imeshuka. Asubuhi hiyo amemeza vidonge 12, amekunywa na kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, amepata nafuu. Anasema kombe limemponya, vidonge 12 vilivyobaki anaviweka kabatini. Kombe ni dua, na dua nayo ni sababu; hatuidharau. Lakini lumefantrini, ambayo kazi yake ni kumalizia vimelea vilivyosalia, ameikatiza njiani. Vikizaliana tena na homa ikarudi, ataiita kadari.

Kadari imo, ila si kwa maana hiyo. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, alipata habari huko Sargh kwamba tauni imeingia, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampa mfano: ukishuka na ngamia zako kwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, popote utakapowalisha si kwa kadari yake? Ndipo akafika Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo kwenye mashauriano, akasema amemsikia Mtume: mkisikia tauni iko katika nchi, msiiendee, na ikiwakuta mlipo, msitoke kuikimbia. Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu, akageuza msafara.