Laki tatu ya homuweki, na vitabu vya bure ambavyo hamvisomi

Wadau habari za huko. Leo naandika na hasira zangu kwa hiyo mnivumilie. Nimefungua akaunti ya ada hapa chuoni Marekani, ninakosoma kompyuta sayansi, nikakuta kamstari kapya, dola 119, eti vifaa vya kozi. Sijanunua kitu, sijasaini kitu. Kumbe siku hizi vyuo vingi vya Marekani vina huu mtindo, wanakubaliana na wachapishaji, we ukijisajili tu kwenye kozi kitabu cha kidijitali kinaingia kwenye bili yako chenyewe, na kama hukitaki ni juu yako kutafuta pa kubonyeza ukatae kabla ya tarehe fulani mwanzoni mwa semista, na hiyo tarehe imeandikwa kwa herufi za kusomea na tochi. Ukipiga kwa hela ya nyumbani ni kama laki tatu hivi. Nyie wa Sinza mnajua laki tatu ni nini.

Na hicho kitabu sio kitabu. Ni namba ndefu unaijaza kwenye tovuti ya mchapishaji, unasoma humo humo, semista ikiisha inafungwa, huwezi kumuuzia anayekuja nyuma yako, huwezi kumuazima mtu, yani ni gesti, ukiamka asubuhi unarudisha ufunguo na chumba sio chako. Mbaya zaidi homuweki zenyewe zimewekwa humo ndani. Kwa hiyo ukisema silipi, sawa, hujalazimishwa, ila maksi za homuweki utapata wapi? Hapo ndo wameniudhi. Nyumbani mwalimu anakuja na desa lake, class rep analipeleka steshenari, mnatoa kopi, kila mtu anaondoka na lake, na mtu akisubiri bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, analipiwa na mwenzie anamrudishia baadaye. Hatukuwa na vitabu vipya lakini hakuna aliyewahi kunidai hela ili nifanye asainimenti niliyopewa darasani.

Kuna kesi moja huku mwanafunzi yeyote mgeni anapaswa kuijua. Jamaa wa Thailand anaitwa Supap Kirtsaeng, alikuja Cornell 1997 kusoma hesabu, akaona vitabu vilevile vinavyouzwa huku bei ya kuua, kwao vinauzwa bei chee, kurasa zilezile, mwandishi yuleyule, karatasi tu ndo nyepesi. Akawaambia ndugu zake wanunue watume, akawa anauza mtandaoni. Wachapishaji wa vitabu hivyo, Wiley, wakamshtaki, baraza la wazee wa mahakama likaamua alipe dola 600,000, laki sita wadau, mwanafunzi. Akakata rufaa mpaka Mahakama Kuu kabisa ya Marekani na 2013 akashinda kwa majaji 6 dhidi ya 3, wakasema nakala iliyochapishwa kihalali nje ya nchi, ukishainunua ni mali yako, iuze. Zile kopi zenu za India zilizoandikwa ni za kuuzwa huko tu, mnazozipata kwa wauza vitabu, ndo aina hiyohiyo. Mi naona wachapishaji walivyoona karatasi imewashinda mahakamani ndo wakazidi kukimbilia hizi namba za semista moja, maana namba haiuziki tena.

Sasa turudi kwenye kilichonipoza. Nilienda maktaba nikiwa nimevimba, nikitafuta tu pa kukaa, mama mmoja wa kaunta akaniuliza nahitaji nini, nikamwaga yote. Hakucheka. Akavuta kiti akaanza kunionyesha. Kwamba vitabu vingi vya kozi vinakaa pale kaunta, unaazimwa kwa masaa mawili, ukirudisha na hakuna anayesubiri unachukua tena. Kwamba kitabu ambacho hawana wanakiomba kwenye maktaba ya chuo kingine, hata jimbo lingine, kinakuja kwa posta na hulipi senti. Kwamba kuna maktaba ya kidijitali ya O'Reilly chuo kimeshalipia, unaingia kwa barua pepe yako ya chuo na vitabu vya kompyuta vimo maelfu. Halafu akaniambia niende kwa profesa nimwambie wazi kwamba hiyo bili inanibana, kwa sababu wengi wao hawajui hata kitabu walichopanga kinauzwa bei gani. Nimekaa nchi hii nikidhani kila anayetabasamu kaunta ana kitu cha kuniuzia, huyu mama hakuwa anauza chochote. Profesa nilimwendea. Hajaniondolea bili, mfumo umeshaikamata, ila homuweki zilizobaki kaziweka kwenye PDF, darasa zima. Kazi ya yule mama hiyo.

Lakini hasira yangu nyingine ni yenu nyie wa huko. Kila wiki napata meseji, braza nitumie vitabu vya kompyuta sayansi, huku hatuna materials. Namuuliza unataka nini, ananiambia chochote. Dogo mmoja namjua ana gigabaiti arobaini za PDF kwenye flashi, ametunza kama kiinua mgongo, hajafungua hata moja zaidi ya ukurasa wa kava. Na vitu vikali kabisa vya fani hii, ambavyo hawa wenzangu wanasomea huku, vimewekwa bure na wenyewe walioviandika, huhitaji hata kuiba.

Chukua opereting sistemu (OS), ile programu kuu inayoendesha kompyuta. Kitabu cha Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau, mke na mume, wote maprofesa pale Wisconsin, Madison, kinaitwa Operating Systems: Three Easy Pieces. Kiko kwenye tovuti yao sura moja moja, kila sura kifaili kidogo, bando la siku linatosha kushusha chote na ukabakiwa na la WhatsApp. Kina vipande vitatu tu vikubwa, jinsi mashine moja inavyojigawa ionekane nyingi, kazi nyingi kwenda kwa pamoja, na data kubaki umeme ukikatika, na hilo la umeme sisi tunalijua kuliko wao. Kina maongezi ya mwanafunzi na profesa katikati, kuna mahali nilicheka peke yangu kwenye basi. Niliwahi kusoma OS nyumbani kwa slaidi za mwalimu, nikapata B yangu safi, na sikuwa naelewa kwa nini prosesi mbili, yani programu mbili zinazokimbia, zinaweza kuwa na anwani ileile ya memori zisigongane. Sura chache za pale zikanifungua kichwa.

Algorithimu, yani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, kila mtu anataka lile dude la MIT Press, la Cormen na wenzake, watu wanaita CLRS, toleo la kwanza 1990, la nne limetoka 2022, kurasa zaidi ya elfu moja na mia tatu na huku linapita dola mia. Ushauri wangu, usilinunue, na usilisome toka mwanzo mpaka mwisho kama msahafu. Lile ni la kufungulia ukikwama. Kujifunza nenda MIT OpenCourseWare, mpango wa chuo cha MIT wa kuweka kozi zake bure mtandaoni, kozi ya 6.006, Erik Demaine anafundisha, huyo jamaa alikuwa profesa MIT akiwa na miaka 20, wengi wetu tukiwa na 20 tunapambana na sup, mitihani ya kurudia. Na usianze na video, zinakula bando bure, shusha noti na maswali na majibu yake, vyote vipo. MIT walitangaza huo mpango 2001, na kwa sababu walijua intaneti ya Afrika ilivyokuwa, walikuwa wanatuma kozi kwenye hard diski kwa vyuo vya Afrika viziweke kwenye seva zao. Kwa hiyo hiyo hoja ya materials ilianza kufa zamani sana.

Lugha ya programu ya C soma kwa kitabu chembamba cha Kernighan na Ritchie, toleo la pili la 1988, hakifiki kurasa 300, na Ritchie ndo aliyeitengeneza C yenyewe. Hiki sio cha bure, ila nakala zilizotumika zipo za bei ya kawaida, na maktaba nyingi za vyuo huko kinavumbika tu rafuni. Hapa niwape sifa zenu. Darasani kwangu kuna watoto wa huku wameanza kompyuta wakiwa na miaka kumi, wanaandika Python kama wanachati, ukifika kwenye pointa, zile anwani za memori, wanakaa kimya, na sisi tuliofundishwa C kwenye ubao, chaki na kipanguzio, bila laptopu, tuliofuatisha programu kwa kalamu mstari kwa mstari tukijua testi ni ya karatasi, tunaiona memori kichwani. Profesa aliniuliza nilisoma wapi. Nikamwambia Dar es Salaam. Nilisema kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ila pia msivimbe sana maana kuna upande tuliachwa mbali. Nilifika huku sijawahi kutumia Git, ile ya kutunza matoleo ya programu, na mtu mwingine, teminali, lile dirisha la kuandikia amri, naijua ya kufungulia tu. Kwa hilo kuna kozi fupi ya MIT inaitwa The Missing Semester, ya 2020, bure yote, sheli ya kuandikia amri, Git, dibaga ya kutafutia makosa, namna ya kuhariri kodi (maandishi ya programu, sio ya TRA) haraka, vitu ambavyo hakuna kozi inayovifundisha na kila kozi inadhani unavijua. Fanyeni hiyo kabla ya kupanda ndege. Ukitaka kujua kompyuta inaundwaje toka kwenye geti moja ya NAND, kisakiti kidogo cha mantiki, mpaka gemu ikimbie juu yake, fanya Nand2Tetris ya Nisan na Schocken, miradi yote na programu zake ni bure. Kompaila, yani kitafsiri cha lugha za programu, Crafting Interpreters ya Robert Nystrom, yote iko mtandaoni bila kulipa. Netiweki, soma mwongozo wa Beej wa kuandika programu za netiweki, halafu fungua Wireshark, programu ya kuonyesha data inayopita mtandaoni, uangalie pakiti za simu yako mwenyewe. Hesabu, aljebra ya matriksi, mzee Gilbert Strang, amefundisha MIT miaka mingi mpaka kastaafu 2023 akiwa na 88, video zake zipo na ule ubao wake wa chaki, mtajisikia mko nyumbani. Vile vitabu vya algorithimu vya Knuth, ambavyo juzuu la kwanza lilitoka 1968, achaneni navyo kwanza, huku kwenyewe watu wanavipanga nyuma yao waonekane kwenye Zoom.

Na majarida ya kitaaluma, kabla hamjaniomba niwashushie, nendeni kwa mkutubi wa chuo chenu mmuulize kuhusu Research4Life. Ni mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji, vyuo vya nchi kama yetu vinaingia bure au kwa bei ndogo. Inawezekana chuo chenu kimeshajisajili na nywila imekaa kwa mtu mmoja ambaye hakuna anayemuuliza.

Sasa nyie mnaotaka kuja, maana najua hamkosekani. Usije ukidhani unafuata vitabu. Kilicho huku ambacho huko hukipati kirahisi ni mtu wa kukusahihisha. Kodi yako inaendeshwa kwenye majaribio usiku huohuo unaambiwa imefia wapi, kuna wasaidizi wa profesa wanakaa masaa maalumu unaenda kuuliza swali la kijinga na hakuna anayekuzomea, hicho ndo unalipia. Ukipata ufadhili wa kufundisha au utafiti usiruke kabla hujauliza unafuta nini, maana mara nyingi unafuta ada ya masomo halafu zile ada ndogondogo na bima ya afya zinabaki kwako, na hivyo vya kidijitali kama hivi vyangu. Kwenye makadirio ya gharama watakayokutumia kuna mstari wa vitabu na vifaa, usiupuuze. Viza ya mwanafunzi, F-1, inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi, hayazidi, na usimsikilize anayekwambia kuna kamwanya. Begi lako la kilo 23 usilijaze vitabu, beba dagaa na sweta.

Na dogo wa flashi, najua unasoma hapa. Sikutumii kitu. Tafuta Kernighan na Ritchie, sura ya tano, ya pointa, fanya mazoezi yake kwa mkono kwanza ndo uende kwenye mashine. Ukikwama niandikie, ila uniwekee na kodi uliyojaribu na kosa lililotokea, screenshot ya skrini nzima sio picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako.