Rangi ya Geti Kwenye Mlango wa Gari: Itoe Bila Kumaliza Klia

Bajaji ikikupitia ubavuni Kariakoo, au ukigusa geti la nyumbani wakati unarudi nyuma, mlango mweupe unabaki na mstari mweusi unaotisha kuliko ulivyo. Sehemu kubwa ya unachokiona si mkwaruzo. Ni rangi ya kile ulichogusana nacho, imeganda juu ya rangi yako, na inatoka. Madhara makubwa huja baadaye: mwenye gari anashika petroli na stili wuli, au anamwachia kijana wa kuosha magari chupa ya thina, na muda mfupi tu alama ya urefu wa kiganja imekuwa baka la nusu mlango.

Chanzo ni wembamba wa kitu chenyewe. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya kwanza inayoshika bati) hadi juu, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150. Karatasi moja ya fotokopi ina kama 100. Klia, ile tabaka ya juu isiyo na rangi, ni maikroni 40 au 50 tu kati ya hizo, na ndiyo yenye mng'ao na kinga dhidi ya miale ya jua. Ukiila sana leo hutaona kitu. Utaona baada ya misimu kadhaa ya jua la Dar, pale sehemu ile ile itakapopauka na kuanza kubanduka maganda. Kwa hiyo kazi yote inaongozwa na jambo moja: anza na dawa dhaifu kabisa, na panda ngazi pale tu ile ya chini ilipokwama.

Kwanza, fahamu rangi uliyonayo. Magari mengi ya hapa yaliingia yakiwa yametumika Japani, na mengi yamepuliziwa tena katika gereji za mtaani. Angalia raba za milango: zikiwa na rangi, gari limepuliziwa. Kisha chukua kitambaa cheupe, kiloweshe tapentaini kidogo, na usugue polepole ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta au chini ya kizingiti cha mlango. Kama kifuniko hakijapuliziwa, fanya jaribio sehemu iliyojificha ya paneli ile ile yenye alama. Kitambaa kikibaki safi, endelea. Kikitoka na rangi ya gari lako, una rangi ya kawaida isiyo na kigumushi (dawa ya kuifanya iwe ngumu), na thina itaiyeyusha kama sabuni. Gari la namna hiyo liishie kwenye maji, udongo wa kusafishia na polishi laini.

Osha sehemu hiyo kwa shampuu ya magari na maji mengi, si sabuni ya unga. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, yanaacha madoa yakikauka. Tumia ya bomba au kausha mara moja. Alama iliyotokana na ukuta inadai uangalifu zaidi hapa, kwa kuwa ukuta hauachi rangi peke yake, unaacha na chembe za mchanga na saruji. Ukisugua kabla hujazimwagia maji ya kutosha, unajipigia msasa mwenyewe. Fanya kazi kivulini, asubuhi, bati likiwa la baridi kwa kugusa kwa mgongo wa mkono. Kwenye bati la moto tapentaini inapaa kabla haijafanya kazi, na kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, inakauka na kuanza kukwaruza.

Sasa tazama ni rangi gani iliyoganda. Ya maji, ile ya kuta, hulainika kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kikiachwa juu yake dakika tano. Ikigoma, spiriti ya duka la dawa inamaliza. Rangi ya mafuta ya mageti na nguzo hulainika kwa tapentaini, hasa ikiwa bado mbichi. Weusi wa tairi la bodaboda ni raba tu, na mafuta ya taa au tapentaini vinautoa mara moja. Ngumu ni rangi ya kiwandani ya gari lingine: hiyo haiyeyuki kwa chochote ambacho hakitaidhuru na ya kwako, kwa hiyo itatolewa kwa kusugua.

Namna ya kutumia tapentaini ndiyo wengi wanaikosea. Usimwage kwenye bati. Lowesha kona ya kitambaa cha maikrofaiba, ishikilie juu ya alama sekunde 30 bila kusugua, kisha futa mara moja kwa mwelekeo mmoja na ugeuze upande safi. Usipogeuza, unairudisha rangi uliyotoka kuitoa. Rudia mara tatu au nne, halafu osha kwa shampuu ili mafuta yaondoke. Tapentaini iweke mbali na taa za mbele na plastiki nyeusi zisizopakwa rangi. Petroli iache kabisa. Inapaa haraka mno kulainisha kitu, na cheche moja inatosha kukuunguza.

Kilichobaki kipitishie udongo maalumu wa kusafishia bodi, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari. Kata kipande cha ukubwa wa kiberiti, ukande uwe bapa, nyunyizia bati maji yenye shampuu, kisha uteleze mbele na nyuma bila kukandamiza. Ukidondoka chini, tupa kipande hicho hata kama ni kipya. Umeshabeba mchanga.

Kompaundi ni hatua ya mwisho, siyo ya kwanza. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za mlango na mistari ya bodi, maana rangi ni nyembamba zaidi kwenye kingo na ndipo inapotoboka. Weka kiasi cha punje moja ya mbaazi kwenye kitambaa kilichokunjwa mara nne, fanya eneo lisilozidi kiganja, na sugua kwa mistari iliyonyooka, kama mara 20, kwa nguvu ya wastani. Usizungushe mkono, miduara huonekana usiku chini ya taa za barabarani. Futa, mulika kwa tochi ya simu, angalia. Mizunguko mitatu inatosha kwa alama nyingi.

Muda wote kagua kitambaa, kiwe cheupe. Rangi ya lile geti ikija juu yake, kazi inaenda. Siku utakapoona rangi ya gari lako mwenyewe, simama hapo hapo: klia imeisha, au haikuwepo tangu mwanzo.

Bampa linahitaji mkono mwepesi zaidi. Ni plastiki, halisambazi joto kama bati, na mashine ya kuzunguka ikikaa sehemu moja inaunguza rangi. Kwa bampa napendelea mkono, hata kama itachukua saa nzima. Ukilazimika kutumia mashine kwenye mlango, isizidi mizunguko 1,500 kwa dakika na isitulie mahali. Dawa ya meno ambayo watu husifia ni kompaundi hafifu tu. Inafanya kazi kwa alama ndogo, lakini huna namna ya kujua ukali wake.

Maliza kwa polishi laini kuondoa ukungu wa kompaundi, kisha nta. Lakini kabla ya nta, futa eneo hilo kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha, na baada ya kuosha mara mbili inarudi yote. Kama kazi imefanywa na fundi, mwombe afute hivyo mbele yako kabla hujalipa. Fundi mzuri hatakataa.

Baada ya hapo pitisha kucha, ukivuka mstari uliobaki. Isipokwama, kuna nafuu kubwa, polishi nyingine itaufifisha. Ikikwama, mkwaruzo umeingia ndani, na hakuna kompaundi itakayourudisha. Unachoweza ni kupunguza klia ya jirani bure. Ukiona kijivu cha praima kwenye bati, jaza kwa rangi ya kugusia yenye namba ya rangi ya gari lako, ambayo kwa magari mengi ya Japani imo kwenye kibao ndani ya fremu ya mlango au chini ya boneti. Ukiona chuma chenyewe, na gari linalala Kigamboni, Masaki au popote upepo wa bahari unapofika, usingoje mwisho wa mwezi. Kausha, weka praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, na rangi ifuate baadaye.