Mkanda wa LED unaocheza huku kitufe kinasikia

Una Arduino Uno (bodi ndogo unayoiandikia programu), mkanda wa LED 60 za WS2812B (taa ndogo zinazopokea rangi kupitia waya wa data) na kitufe cha kubadili mtindo wa mwanga. Unabonyeza, hakuna kinachotokea. Unakishikilia kwa muda mrefu, ndipo mtindo unabadilika. Kabla ya kununua kitufe kingine, tazama delay(), amri inayoisimamisha programu kwa milisekunde unazotaja. Mwanga ukikimbia LED moja moja ndani ya for (kitanzi cha kurudia amri), kila hatua ikiwa na delay(40), prosesa inafungwa humo kwa sekunde 2.4. Muda wote huo haisomi kitufe wala kihisi.

Dawa ni kuiacha loop(), sehemu ya programu inayorudiwa daima, izunguke bila kusimama, na kila ikipita iulize: wakati umefika? Saa yake ni millis(), inayohesabu milisekunde tangu programu ianze. Hapa chini mkanda ni kitu cha maktaba ya Adafruit NeoPixel, na somaKitufe() ni kazi yako ya kusoma kitufe.

unsigned long mwisho = 0;
const unsigned long hatua = 40;
int nafasi = 0;

void loop() {
  somaKitufe();
  if (millis() - mwisho >= hatua) {
    mwisho += hatua;
    mkanda.clear();
    mkanda.setPixelColor(nafasi, mkanda.Color(0, 80, 160));
    mkanda.show();
    nafasi = (nafasi + 1) % 60;
  }
}

Angalia kwamba for imetoweka. Hapa ndipo wengi hukwama: wanafuta delay() lakini for inabaki, na mwanga unapita kama radi. Kazi ya kukumbuka tumefika LED ya ngapi sasa ni ya nafasi, nayo lazima itangazwe nje ya loop(). Ukiitangaza ndani, kila mzunguko inaanza tena sifuri na LED ya kwanza peke yake ndiyo inayowaka. For ya kupaka rangi LED zote 60 kwa picha moja haina ubaya, mradi haisubiri chochote.

Hesabu iandikwe kwa kutoa, kama hapo juu. Usiandike millis() >= mwisho + hatua. Baada ya siku 49.7 millis() inarudi sifuri, na kutoa kwa unsigned long (namba ya biti 32 isiyo na hasi) bado kunaleta jibu sahihi: mwisho ikiwa 4294967290 na saa sasa ni 30, tofauti ni 36. Ukitumia int kwenye Uno, ambayo inaishia 32767, mwanga utakwenda sawasawa kwa nusu dakika hivi kisha uanze kukimbia ovyo. Kosa hilo husumbua kwa sababu majaribio ya sekunde kumi hayalioni.

Kuhusu mwisho += hatua: inatunza mdundo, lakini kitu kikikwamisha programu kwa sekunde mbili, hatua 50 zilizolimbikizana zitatoka kwa mpigo. Kwa mwanga wa kuigiza mshumaa, ambao hauhitaji mdundo kamili, ni afadhali mwisho = millis().

Michezo miwili ya mwanga kwenye mkanda mmoja? Kila mmoja uwe na mwisho, hatua na nafasi zake. Lakini clear(), inayofuta rangi zote, iitwe mara moja kabla ya yote kuchora, na show(), inayotuma rangi kwenye mkanda, mara moja baada ya yote, la sivyo mmoja unafuta kazi ya mwenzake.

Sasa kizuizi ambacho wengi hawakioni: show() yenyewe. Kila LED hupokea biti 24 kwa takriban mikrosekunde 30, kwa hiyo LED 60 ni milisekunde 1.8, na kwenye Uno ukatizaji wote (interrupt, ishara za kuikatiza prosesa ishughulikie jambo la haraka) umefungwa wakati huo. Saa ya millis() inategemea ukatizaji unaokuja kila milisekunde 1.024, na mmoja tu ndio unaoweza kusubiri zamu. Kwa LED 60 hasara ni ndogo. Kwa LED 300, show() inachukua milisekunde 9 na takriban 8 zinapotea kila hatua. Kwa hatua ya 40, saa inabaki nyuma kama sekunde 10 kila dakika. Mkanda mrefu upelekee ESP32, bodi nyingine ambayo ina saketi ya RMT ya kutuma mawimbi haya, au tumia LED za aina ya APA102 zenye waya wake wa saa. ESP32 hutoa volti 3.3, hivyo weka 74AHCT125, chipu ya kupandisha volti za ishara, kati yake na mkanda wa volti 5.

Umeme: LED 60 zikiwaka nyeupe kabisa zinaweza kuvuta ampea 3.6. Usizitoe kwenye pini ya 5V ya Uno. Weka kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenye ingizo la umeme la mkanda, rezista ya omu 330 kwenye waya wa data, na unganisha graundi zote. Rangi zikirukaruka, anza na graundi kabla ya kugusa msimbo.

Kujua kama bado kuna kizuizi, hesabu loop() inapita mara ngapi kwa sekunde. Inapaswa kuwa maelfu. Ikiwa ni moja au mbili, tafuta kwenye maktaba za vihisi: kihisi cha joto cha DS18B20 kwa usahihi wa biti 12 husubiri hadi milisekunde 750, na maktaba ya DallasTemperature huacha kusubiri ukiita setWaitForConversion(false), kisha ukasoma joto baada ya muda huo kupita kwa millis() ile ile.