Chupa ya Tano

Lebo zilikuwa zimebanduka, na zilizobaki wino wake ulikuwa umefifia hadi hausomeki. Mwalimu akanikabidhi chupa sita za lava, yaani wachanga, wa tegu waliohifadhiwa kwenye formalini. "Zirudishie majina yake," akasema.

Nne hazikunisumbua. Ndani ya ini la panya alilala mnyoo mweupe mwenye pingili, ungedhani ni tegu mzima, kumbe mkiani ana kifuko kidogo: huyo ni wa Taenia taeniaeformis, ambaye hukomaa tumboni mwa paka. Nyama ya nguruwe ilijaa vifuko vya milimita tano hadi kumi, kila kimoja na doa jeupe moja tu.

Chupa ya tano ilikuwa na kifuko kikubwa kama yai la kuku, kikielea peke yake. Nikaandika upesi: hidatidi, yaani kifuko cha lava wa tegu aitwaye Echinococcus. Ukubwa wake ndio ulionidanganya.

Mwalimu alisoma nilichoandika, akanyamaza. Akaiinua chupa dirishani, akaizungusha polepole. "Vichwa vyake viko wapi, mwanangu?"

Nikasogeza jicho. Ukuta ulikuwa mwembamba, mwanga ukipenya kama kwenye ngozi ya lengelenge. Kwa ndani yalionekana madoa meupe, makumi kwa makumi, yamejikusanya mafungu mafungu. Nikaitikisa chupa, hakuna lililobanduka. Hidatidi haiko hivyo. Ukuta wake ni mnene, wa tabaka juu ya tabaka, na vichwa vyake huota ndani ya vijifuko vidogo sana. Vijifuko hivyo vikipasuka, vichwa hutuama chini kama mchanga laini. Mimi mchanga sikuuona hata chembe.

Nilikata doa moja, nikalibana kati ya vioo viwili na kulitazama kwa hadubini. Vinyonyeo vinne. Juu yake safu mbili za ndoana, ndefu na fupi zikipishana. Kila doa lilikuwa kichwa kamili, kimeota moja kwa moja ukutani. Ilikuwa koenurasi, lava wa Taenia multiceps, yule anayekaa kwenye ubongo wa kondoo mpaka mnyama anazunguka pale pale bila kukoma.

Iliniuma kufikiria wanafunzi ambao wangejifunzia kosa langu miaka na miaka. Nikachana ile lebo, nikaandika nyingine kwa penseli, maana penseli haiyeyuki, nikaitumbukiza ndani ya chupa, maandishi yakitazama nje.

Ya sita niliizungusha dirishani kwanza, kabla sijashika penseli.