Nilivyozimudu namba za Kiesperanto kwa kutumia "sita"

Anayekushauri ukariri jedwali la kanuni za Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa, mwache na jedwali lake. Mimi nilishauriwa hivyo, tena na mtu aliyejiita mzoefu, akaongeza kwamba sisi wenye lugha za ngeli tutahangaika sana. Hilo liliniudhi. Mtoto wa hapa Jinja, Uganda, anapatanisha maneno kabla hajajua kuandika jina lake!

Lugha hii mbunifu wake, Zamenhof, aliitoa Warsaw mwaka 1887. Nomino huishia na -o, kivumishi na -a, wingi ni -j (inasomwa y), na kinachotendwa hupewa -n. Kivumishi hupatana na nomino yake kwa yote mawili, -j na -n. Namba ndizo zinazokwamisha watu. Sisi tunasema watu watatu, vitabu vitatu, kwa hiyo mkono unataka kuivisha namba nayo ile -j.

Nikajiuliza: namba gani kwetu haigeuki? Sita! Watu sita, vitabu sita, miti sita. Basi kila namba ya Kiesperanto nikaichukulia kuwa sita. "Mi aĉetis kvin maturajn bananojn", yaani nilinunua ndizi tano zilizoiva: kivumishi na nomino vimebeba -j na -n, kvin imetulia. Rafiki yangu Mganda alikuwa akiandika "trij libroj" kila mara badala ya "tri libroj", vitabu vitatu. Nikamwambia kila namba ni mukaaga, yaani sita ya Kiganda, kwa maana husema abantu mukaaga, ebitabo mukaaga. Kosa likaisha siku hiyohiyo, na nilifurahi kuliko yeye.

Raha zaidi ni kwenye namba za mpangilio. Mtu wa sita, kitabu cha sita: sita imekaa palepale, kinachogeuka ni kile kiunganishi cha -a. Kiesperanto nacho hubandika -a kwenye namba, ses (sita) ikawa "sesa" (wa sita), na hapo ndipo upatanisho unaporudi: "la unuaj tagoj", siku za kwanza.

Mia na mamia usivichanganye. Watu mia ni "cent homoj", mamia ya watu ni "centoj da homoj". Miliono yenyewe ni nomino, kwa hiyo "du milionoj da homoj". Na ukikuta "unuj" usishtuke, maana yake ni baadhi.

Gharama ya kujifunza ni bando la intaneti tu, shilingi elfu chache za hapa na pale. Makumi sikuyatafutia somo: du (mbili) na dek (kumi) ni dudek, ishirini, ukitaka 23 ongeza tri (tatu), "dudek tri". Mimi niliyazoea kwa kuhesabu mafungu ya nyanya sokoni, kwa sauti.