Uso wa blobeye kwenye bugeye, kila kitu mpaka kwenye mlango

Nianze na hili manake naulizwa sana: huwezi kuchukua bampa ya blobeye ukaibandika kwenye bugeye (ni sura mbili za Subaru Impreza, nazieleza hapo chini) ukaondoka zako. Haipo hiyo. Bampa inafuata taa, taa zinafuata fenda na boneti, fenda nazo zinaitegemea boneti, grili iko katikati inawasubiri wote. Ukigusa kimoja umevigusa vyote mpaka unafika kwenye mlango wa dereva, na hapo ndo unapumzika kwa sababu mlango Subaru hawakuugusa.

Kwa wale ambao haya majina ni mapya kwao, haraka haraka. Impreza ya kizazi cha pili ilitoka Japani mwaka 2000 na taa za mviringo, watu wakaicheka weee, ndo hiyo bugeye. Mwishoni mwa 2002 wakaitengenezea sura nyingine, taa kubwa zilizolala kidogo, hiyo blobeye. 2005 ikaja hawkeye, taa kali na grili ya vipande vitatu, katikati na mabawa mawili, wanasema mabawa ni kumbukumbu ya ndege manake kampuni yenyewe, wakati huo Fuji Heavy Industries, ilitokana na Nakajima waliokuwa watengenezaji wa ndege. Sura tatu, ila gamba chini yake ni lile lile. Na mtu akikuambia bugeye haina maana mwambie Richard Burns alichukua ubingwa wa dunia wa rally 2001 akiwa na sura hiyo hiyo, Petter Solberg ndo akaja kuchukua 2003 na blobeye. Kwa hiyo mimi sikubadilisha uso wa bugeye yangu kwa sababu ya aibu.

Nilibadilisha kwa sababu gari nililinunua na fenda zimejaa puti (ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi) kuliko bati. Ukigonga kwa kidole unasikia tu "pu pu", hakuna chuma pale. Taa moja ilikuwa imeungwa kwa gundi na ingine imekuwa ya njano kama chai ya maziwa. Nikasema basi, kama pesa ya fenda, taa na bampa lazima itoke, kwa nini nitafute za bugeye ambazo Kampala sa hivi kuzipata ni kazi na zile zilizopo zimechoka kama zangu? Za blobeye zipo zipo kidogo. Halafu kuna wanaosema uza nunua blobeye nzima. Blobeye ipi jamani? Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 15, na blobeye ya mwisho kabisa ni ya 2005, fanya hesabu mwenyewe. Zilizopo ndo hizo hizo, na wenye nazo safi hawauzi. Hii nchi mapenzi ya Subaru si ya jana, uliza mashabiki wa Lwakataka, dereva wetu wa rally.

Sa kuhusu kununua. Ushauri wangu ni mmoja, nunua nozikati, usinunue vipande. Nozikati kwa asiyejua ni pua nzima ya gari, wamelikata huko Japani kwa msumeno, wakaitia kwenye kontena, ikashukia Mombasa ikapita Malaba mpaka Kiseka, soko la spea hapa Kampala. Unapata boneti, fenda mbili, taa, grili, bampa, boriti inayokaa nyuma ya bampa, paneli ya rejeta, na vile vitu vidogo ambavyo ukivitafuta kimoja kimoja utalia: klipu, braketi za taa, vile vidude vya plastiki vinavyoshika pembe ya bampa kwenye fenda. Hivyo vidude vya pembe ndo siri yote. Ukiona Impreza bampa inaning'inia pembeni na imefungwa na kebo tai ujue mwenyewe alinunua bampa peke yake akaona amebahatika.

Kiseka unatakiwa uende unajua unachotaka, manake kule kila kitu kinaingia kila gari. Mzee mmoja alikuwa na pua nzuri kweli, rangi bado inang'aa, nikaiangalia nikamwambia mzee hii ni ya wagon, yangu ni sedani. Akaniangalia kwa huruma, "Ssebo, Impreza ni Impreza." Hapana bwana. Sedani ya WRX, yani Impreza ya turbo, ina upana wa milimita 1730, wagon yake ni 1695. Hiyo ni sentimita tatu na nusu, yani kila upande karibu sentimita moja na robo tatu, na sedani imezipata kwa kuvimbisha fenda. Fenda ya wagon ukiiweka kwenye sedani inakaa imenywea, na bampa inafuata ujinga huo huo. Nikatoa futi nikapima mbele yake, akacheka, akasema "bosi wewe umesoma", akanipeleka kwa jirani yake. Sina ugomvi naye, biashara ni biashara.

Kingine angalia namba ya modeli kwenye kile kibati kama kimebaki. GDA ni WRX, GDB ni STi (ndugu yake mkali zaidi), na ile herufi inayofuata inakwambia sura: A na B ni bugeye, C, D na E kwa STi ni blobeye, F na G ni hawkeye. Kibati kikikosekana, na mara nyingi kimekosekana, basi macho yako na futi. Na muuzaji akikushawishi uchukue na rimu za STi "kwa bei ya rafiki" tulia kwanza, STi kuanzia ile E bolti za rimu ni 5x114.3 na WRX yako ni 5x100, hizo hazitaingia hata umwite nani.

Taa sasa. Kuna jamaa wanaagiza taa mtandaoni kutoka Marekani kwa sababu zinaonekana mpya na bei imepoa. Usifanye. Wale wanaendesha kulia, taa zao zimetengenezwa zirushe mwanga upande wa kulia wa barabara. Huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wote ule unaenda kwenye macho ya anayekuja, na barabara ya Masaka usiku unaijua ilivyo, malori, boda hazina taa, watu wanatembea pembeni, we unampofusha dereva wa basi. Taa za Japani zimekaa sawa na barabara zetu. Na mwambie muuzaji asikate waya karibu na taa, aache mkia mrefu na soketi yake, manake soketi za blobeye na bugeye haziingiani na fundi umeme wako atahitaji huo mkia aunge waya kwa waya. Ukipewa taa zimenyolewa soketi bei ishuke.

Boneti nayo ina mambo yake. Nenda na sumaku. Boneti za WRX na STi za hizi ni alumini, sumaku haishiki. Ikishika mahali popote ujue hiyo boneti siyo, au ndani kuna hadithi. Alumini ikipinda vibaya fundi wa kawaida na gesi yake anaitoboa, inataka mtu mwenye mashine ya kuchomelea alumini na mkono mwepesi, kwa hiyo boneti iliyokunjika hata ikiwa bei ya bure iache. Halafu kuna ule mdomo wa hewa juu. Subaru hizi intakula (kile kipoza hewa ya turbo) imelala juu ya injini, ule mdomo si urembo, ndo unaoilisha hewa. Mdomo wa STi ni mrefu zaidi ya wa WRX, na chini ya boneti kuna mfereji wa plastiki na raba inayokalia intakula. Chukua boneti na mfereji wake na raba yake, funga, halafu angalia raba inakaa kuzunguka intakula yote au imeacha mwanya. Ikiacha mwanya hewa inapita pembeni na we unazunguka mjini na mdomo mkubwa usiokula kitu.

Na boriti. Hapa nakuwa mkali kidogo. Nyuma ya bampa kuna boriti ya chuma, ile ndo inapokea kishindo ukigonga, bampa yenyewe ni plastiki tu. Boriti ya bugeye umbo lake si la blobeye, ukiiacha bampa mpya inaweza isikae vizuri, na dawa ya mafundi wengi ni grinda. Wanakata pembe, au wanaitoa kabisa wanakwambia "bosi gari limekuwa jepesi". Jepesi la kwenda wapi? Katikati ya rejeta na lori la matofali inabaki plastiki. Boriti ya nozikati inakuja na bolti zake, iweke.

Fundi wangu wa bodi yuko Ndeeba, mzee wa makamo, haongei sana, na ana kanuni moja ambayo mwanzo iliniudhi: hakuna rangi mpaka kila kitu kimefungwa na kufunguliwa. Akaanza na boneti peke yake kwenye bawaba zake, bolti hazijakazwa, ananing'iniza tu. Halafu fenda, akiziangalia kwa mlango kwanza, boneti baadaye. Halafu taa. Bampa mwisho kabisa. Kupima mianya alikuwa na sarafu mbili za mia tano amezibana kwa vidole, anazipitisha kati ya boneti na fenda kuanzia kioo cha mbele mpaka kwenye taa, taratibu, anasikiliza. Upande wa abiria zikapita zote. Upande wa dereva zikapita vizuri mpaka karibu na taa zikakwama, krrr. Akarudia. Zikakwama pale pale.

Mi ningelegeza bolti nikaisukuma fenda. Yeye akatoa kila kitu tena, akachukua kamba akapima paneli ya rejeta kwa msalaba, pembe ya juu kulia mpaka ya chini kushoto, kisha ile ingine. Hazikulingana. Kumbe hili gari liliwahi kugongwa mbele zamani na aliyelitengeneza akaficha kila kitu kwenye puti, ndo zile fenda za "pu pu". Kama tungelazimisha, sura ingekuwa imekaa upande na kila siku ningesema ni fenda mbaya. Akavuta kwa mnyororo na jeki kidogo kidogo, anapima, anavuta, anapima, mpaka kamba ikalingana. Baada ya hapo fenda iliingia yenyewe, waso moja tu kwenye bolti ya chini. Sarafu zikapita mpaka mwisho, akaziweka mfukoni akaenda kunywa chai. Banange, nilitaka kumpigia makofi.

Rangi sitaongea sana manake kila mtu ana fundi rangi wake na ugomvi wake. Langu ni lile bluu la Subaru, namba ya rangi 02C, lakini namba ni ya gari jipya na jua la Kampala limelikula langu zaidi ya miaka ishirini. Fundi mzuri anapuliza kwenye kipande cha kadi kwanza, anakitoa juani, anakiweka kwenye mlango, anaangalia akiwa amesimama na akiwa amechuchumaa, manake hiyo bluu ina chembe zinazong'aa na ukibadilisha pembe inabadilika. Halafu rangi inafifishwa ndani ya mlango wa mbele, haikatwi kwenye ukingo wa fenda. Ukikata pale hata mtoto ataona. Faida ingine ya kubaki na rangi ile ile ni logbook (kadi ya gari), imeandikwa rangi ya gari, na ukiamua kuligeuza jeupe kashughulikie karatasi kabla hujasimamishwa njiani ukaanza kujieleza.

Likimaliza rangi usiende moja kwa moja kwenye expressway kujionyesha. Ngoja usiku, tafuta ukuta na sehemu tambarare, rekebisha taa, manake zimetoka kwenye gari lingine. Na bampa ya blobeye ukiiongezea ile lipu ya chini ya STi, matuta ya mitaa yetu yataila mapema sana, mi niliiacha bila.

Nyuma sijagusa. Uso wa 2003 na matako ya 2001, anayejua atajua. Kuna jamaa wananiambia nimalizie na taa za nyuma ili gari "lidanganye vizuri", lakini sidanganyi mtu, logbook inasema 2001 na nikiulizwa bei nasema 2001. Wengine wanataka niruke niende hawkeye kabisa. Kazi ni ile ile, fenda, boneti, taa, bampa, boriti, ila kwa macho yangu ile grili ya mabawa kwenye gari lenye nyuma ya bugeye haielewani, labda wako wanaopenda.

Kilichobaki ni kifuniko kimoja cha taa ya ukungu, upande wa dereva, kilivunjika Mombasa au njiani huko sijui, ni cha blobeye ya WRX sedani. Nimeonyeshwa vya wagon, nimeonyeshwa vya fiberi vilivyotengenezwa Katwe ambavyo kwa kweli si vibaya ila mwanya wake unaniuma roho. Mwenye orijino aandike hapo chini, nitakifuata popote alipo, hata Busia.